Kabla ya kuhesabu miche ya mvule, hesabu miti mama

Kila msimu wa kupanda miti naulizwa tumeotesha miche mingapi ya mvule. Ni nadra mtu kuuliza mbegu zake zilichumwa kwenye miti mama mingapi, na kwangu mimi ninayeshughulika na mbegu za miti, hilo ndilo swali zito. Miche elfu kumi inaweza kuwa ndugu wa tumbo moja. Ukiipanda pamoja, ikikua itachavushana yenyewe kwa yenyewe, na kizazi kitakachofuata kitakuwa dhaifu.

Mvule una dume na jike. Dume hutoa maua kama mikia mirefu myeupe inayoning'inia, na chavua yake huchukuliwa na upepo. Jike huzaa tunda la kijani, nene kama kiwavi, laini likiiva. Popo hulila usiku na kuangusha mbegu mbali na mama. Hivyo ndivyo msitu ulivyochanganya damu zake miaka yote. Ukikata madume ya eneo zima, jike lililobaki peke yake shambani litakosa chavua, hata liwe na afya namna gani.

Na wapasua mbao hawakati ovyo. Huchagua mti ulionyooka, wenye gogo refu lisilo na matawi. Inayoachwa ni iliyopinda, na hiyo ndiyo inayobaki kuzaa. Si kila kupinda ni kwa kurithi, moto na udongo navyo huchangia, lakini tukiendelea hivi kizazi baada ya kizazi tunaondoa msituni urithi ule ule tunaoutaka.

Kinachonisumbua zaidi ni mdudu aitwaye Phytolyma. Ingia kwenye kitalu cha mvule uangalie majani machanga na vichipukizi: utaona vivimbe vya kijani, na ndani yake tunutu wa mdudu huyu mdogo. Kivimbe hupasuka, wadudu wakatoka, kuvu wakaingia, kilele kikaoza. Mche ukichipua pembeni, hushambuliwa tena. Ndiyo maana mashamba ya mvule mtupu yameshindikana sehemu nyingi za Afrika. Lakini watafiti wa Ghana waligundua kwamba watoto wa baadhi ya miti mama hustahimili: hupata vivimbe vidogo visivyowaua. Ustahimilivu huo umo kwenye vinasaba, na huwezi kuutambua kwa kutazama gome la mama. Njia ya kupunguza hatari ya kuukosa ni kuchuma kwenye miti mingi.

Kanuni tunayofuata ni miti mama isiyopungua 30, iliyoachana walau mita 100 ili isiwe ya ukoo mmoja, na kila mmoja utoe kiasi sawa cha mbegu. Hapo mwishoni ndipo wengi wanapoteleza. Mkusanyaji hulipwa kwa kilo, kwa hiyo mti wa kando ya barabara uliozaa sana hujaza nusu ya gunia. Kwenye daftari miti ni 30. Kitaluni ni kama minne tu, kwa kuwa nusu ya miche ni ya mama mmoja. Mimi naona ni heri kumlipa kwa idadi ya miti aliyoifikia.

Hifadhi ya mbegu kwenye baridi inasaidia, ila mbegu iliyolala haikutani na ukame wala wadudu wapya. Miti iliyo msituni hukutana navyo, na hubadilika navyo. Kwa hiyo msitu kama Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, unastahili ulinzi, pamoja na kupunguza Cedrela odorata, mti wa kigeni uliosambaa humo. Vivyo hivyo misitu ya matambiko, ambako wazee wameiacha mivule mikubwa isiguswe. Wataalamu tungewashirikisha wazee hao mapema zaidi.

Ukienda kununua miche, mwulize mwenye kitalu mbegu zilitoka msitu gani na kwenye miti mingapi. Akikutajia mti mmoja wa jirani, chukua michache tu, kisha ongeza ya kitalu kingine chenye mbegu za eneo lenye mvua kama za kwako.