Ukizungusha Viwanja, Hujarekebisha Ramani

"Viwanja vilikuwa haviendani na picha ya setilaiti, nikavizungusha kidogo kwenye kompyuta." Mteja akishatamka hayo, najua kazi imeongezeka. Kosa lilikuwa moja, sasa yako mawili, na hilo la pili halijaandikwa popote.

Kwanza, picha si hakimu. Yenyewe inaweza kuwa imehama kwa mita kadhaa, hasa penye miteremko, na majengo marefu huonekana yamelala upande. Pili, mara nyingi tabaka (data ya viwanja inayowekwa juu ya ramani) limepewa mfumo wa viwianishi, yaani namba za kuonyesha mahali, usio wake. Hapo dawa ni kurudisha mfumo sahihi, na ukizungusha unaficha ugonjwa tu. Tatu, mipaka ikipimwa kwa dira, beringi zake, yaani pembe za mielekeo, zinaanzia kaskazini ya sumaku, wakati gridi ya ramani, ile mistari yake ya miraba, ina kaskazini yake. Tofauti hiyo hukokotolewa. Haikisiwi kwa jicho. Ile ya sumaku hubadilika mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tarehe ya upimaji ni lazima. Nayo gridi huachana na kaskazini halisi kadiri unavyoondoka kwenye meridiani ya kati, yaani mstari wa longitudo wa katikati ya zoni: katika UTM, mfumo wa mita unaoigawa dunia katika zoni, ukingoni mwa zoni kwenye latitudo 30, ni kama nyuzi 1.5.

Uzi mmoja na nusu unaonekana mdogo? Uzi 1 peke yake husogeza kona iliyo mita 100 kutoka kwenye kitovu cha mzunguko kwa mita 1.7, na iliyo kilomita 1 kwa mita 17 na ushee. Ndiyo maana kiwanja cha katikati hukaa vizuri ukafurahi, kumbe cha pembeni kimeshaingia kwa jirani.

Kuzungusha kuna mahali pake, mfano upimaji uliofanywa kwa viwianishi vya kubuni vya eneo la kazi. Hata hapo, chukua nukta mbili zinazojulikana, zilizo mbali kadiri inavyowezekana, linganisha beringi ya mstari huohuo katika mifumo yote miwili, na tofauti yake ndiyo pembe yako. Tena fanya kwenye nakala. Faili la awali usiliguse, nakuomba.

Mengine ninayosikia kwa wateja ni mafupi.

"Nimezungusha ramani kwenye skrini, mbona data haijabadilika?" Haikupaswa kubadilika. Kwenye QGIS, programu ya ramani, kisanduku cha mzunguko kilicho chini ya dirisha hugeuza mwonekano tu.

"Nyuzi 90 ni nyuzi 90 kila mahali." Thubutu! Alama za QGIS huzunguka kufuata mshale wa saa. ST_Rotate, amri ya kuzungusha katika hifadhidata ya PostGIS, hutaka radiani (kipimo kingine cha pembe), huenda kinyume cha saa, na usipoitajia kitovu huzungushia kwenye sifuri ya mfumo. Kiwanja chenye kiwianishi cha kaskazini cha mita 9,000,000 kikizungushwa uzi 1 kwa namna hiyo hutupwa zaidi ya kilomita 150. Kisha napigiwa simu kwamba programu imefuta data. Haijafuta kitu, bonyeza kitufe cha kukuza hadi kwenye tabaka, utakiona kilikotupwa.

"Longitudo na latitudo nazo zinazungushwa tu." Karibu na ikweta unaweza usigundue kasoro. Kwenye latitudo 60, uzi wa longitudo una nusu ya urefu wa uzi wa latitudo, kwa hiyo mraba ukizungushwa unapinda. Badilisha tabaka liwe la mita kwanza, ndipo uzungushe.