Je, wajua kwa nini tunajiona kwa macho ya watu?

Asubuhi ya mwezi wa saba katika soko la Mwanjelwa, Mbeya, baridi ile ya kuongea huku mvuke unakutoka mdomoni. Muuza mitumba amefungua belo la makoti, wanawake wameinama juu ya turubai wanachambua. Binti wa miaka kama 15 anachomoa jaketi jekundu, analivaa, anajitazama kwenye kipande cha kioo kilichofungwa kwa waya kwenye nguzo ya kibanda. Anatabasamu. Kisha anageuka: "Mama, nimependeza?"

Mama anachelewa kujibu. Anamtazama binti, uso kaukunja. Binti hasubiri. Anavua jaketi, analirudisha kwenye lundo, anasema halijamkaa vizuri. Mimi nilikuwa pembeni nachagua sweta, nikamsikia mama akishangaa: "Mbona umeliacha? Nilikuwa napiga hesabu ya nauli ya kurudi Tukuyu."

Kioo kilikuwa kimeshamwambia kapendeza. Kwa nini uso wa mama ukakishinda kioo?

Mwaka 1902 mwanasosholojia wa Marekani, Charles Horton Cooley, aliandika kwamba watu wengine ndio kioo tunachojitazamia. Jambo hilo, alisema, lina sehemu tatu. Kwanza nawaza mwenzangu ananionaje. Pili nawaza, baada ya kuniona hivyo, ananihukumu vipi. Tatu, moyoni inaingia fahari au haya, na hisia hiyo ndiyo naibeba kama habari zangu mwenyewe. Sasa mrudie yule binti. Sehemu zote tatu zilipita ndani ya kichwa chake yeye. Mama yake alikuwa kwenye nauli.

Hatuna njia nyingine, na hilo si udhaifu. Kioo kinaweza kukuonyesha meno yako, lakini hakiwezi kukuonyesha kama wewe ni mcheshi, mchoyo au mtu wa kutegemewa. Ucheshi utaujua kwa vicheko vya watu. Wahenga walisema nyani haoni kundule, na ndivyo tulivyoumbwa sote. Watoto wengi waliozoea vioo huanza kujitambua kwenye kioo kati ya miezi 18 na 24, na ni kipindi hichohicho tunapoanza kuwaona wakiona haya, wakijificha nyuma ya gauni la mama mgeni anapowasifu. Kujijua na kujua kwamba ninatazamwa huja karibu pamoja.

Watu wa Rungwe, wilaya yenye mji wa Tukuyu, walikuwa na jina la nguvu hii zamani. Miaka ya 1930 mwanaanthropolojia Monica Wilson na mumewe Godfrey waliishi kwa Wanyakyusa, wakakuta imani ya kitu ambacho Monica alikiandika kama *embepo sya bandu*, yaani pumzi ya watu. Mtu akiwadharau wazazi wake, au akivunja desturi, majirani hunung'unika. Manung'uniko yale yaliaminiwa kutoka kama ubaridi na kumwingia mkosaji mpaka akaugua. Mimi si mtu wa kukueleza ugonjwa kwa njia hiyo. Lakini yeyote aliyewahi kuingia mahali watu wakanyamaza ghafla anaujua ubaridi huo, unavyoanzia mgongoni. Tena Wanyakyusa wa wakati ule waliishi katika vijiji vya rika: mvulana akifika miaka kama kumi aliacha kulala kwa baba yake, akajenga kibanda na wenzake wa umri mmoja, na hatimaye wakaoa na kuzeeka pamoja. Hebu fikiria kukua ukitazamwa na macho yaleyale tangu utotoni hadi uzeeni. Yalikujenga, na hayakukuachia pa kujificha.

Macho ya watu, basi, yana nguvu ya kweli, hasa ya mtu aliye juu yako. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha jaribio lililofanyika katika shule moja ya msingi huko California. Walimu waliambiwa kwamba watoto fulani, kwa kipimo maalumu, wangechanua kiakili mwaka ule. Ukweli ni kwamba majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Mwisho wa mwaka, katika madarasa ya chini, watoto wale kwa wastani walikuwa wamepanda kuliko wenzao. Wataalamu wamebishana sana kuhusu ukubwa wa athari hiyo, lakini mimi siwezi kumsikia mwalimu akimwita mtoto "mzito" mbele ya darasa nikatulia. Mtoto wa darasa la pili hana kioo kingine cha kukilinganisha na kile.

Ila sehemu kubwa ya macho yanayotutesa tukiwa wakubwa hayapo. Mwaka 1980 Robert Kleck na Angelo Strenta, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapaka washiriki kovu la bandia usoni, wakawaonyesha kwenye kioo. Kabla hawajaenda kuzungumza na mgeni, waliambiwa kovu lipakwe mafuta lisipasuke. Kumbe mafuta yale yalilifuta. Washiriki wakaingia na sura zao za kila siku, wakatoka wakieleza jinsi kovu lilivyomwathiri yule mgeni. Walilisoma kovu machoni mwa mtu ambaye hakuona kovu lolote. Mwaka mmoja nyuma yake, wasomi wawili waliokusanya tafiti nyingi kuhusu jambo hili walikuwa wamegundua kwamba tunavyojiona kunalingana sana na *tunavyodhani* wengine wanatuona, lakini kunalingana kidogo tu na wanavyotuona kweli. Yaani Cooley alipatia, ila kioo chenyewe mara nyingi tunakichora sisi.

Jaribio la kovu linanigusa kwa sababu mimi ninalo la kweli. Nilipokuwa mdogo niliungua kwa jiko la mkaa, siku ya baridi, nikabaki na alama upande wa kushoto wa shingo hadi karibu na sikio. Sekondari nilisoma Iringa, na miaka minne yote nilikaa dawati la ukutani, shingo ya kushoto imeelekea ukuta, kola imesimama. Mwenzangu wa dawati aliniomba mara kadhaa tubadilishane kwa sababu upande wake ulipigwa na upepo wa mlangoni. Nilikataa kila mara bila kumweleza sababu. Nilijua wazi anachokiona akinitazama.

Mwaka juzi tulikutana Miyomboni, tukakaa tunywe chai. Katika kukumbushana nikapata ujasiri, nikamuuliza kama kovu langu lilikuwa likimsumbua pale darasani.

"Kovu gani?" akauliza, akainama kunitazama shingoni kama ndiyo kwanza ananiona. Kisha akarudisha kikombe mezani. "Mimi ninachokumbuka ni ule ukuta. Miaka minne nilijua unaniringia, kwamba mimi si wa kukaa mahali pazuri. Nilikuwa nikirudi bwenini najiuliza nina kasoro gani."