Polisakaridi ya mbegu ya ukwaju si wanga

Polisakaridi ni mnyororo mrefu wa sukari zilizoungana, na wanga ni aina moja tu kati ya nyingi. Inakera basi kukuta tena na tena "wanga wa mbegu za ukwaju", ushahidi wenyewe ukiwa tone la iodini lililogeuka bluu, kama linavyogeuka kwenye wanga.

Kilichojaa katika kiini cha mbegu hiyo ni zailoglukani. Uti wake ni glukosi zilizoshikana kwa viungo vya beta 1,4, kama selulosi ya kuta za seli za mimea; za wanga hushikana kwa alfa 1,4 (namba ni kaboni zinazoungana, alfa na beta ni mwelekeo wa kiungo). Glukosi nyingi zimebeba tawi la sukari iitwayo zailosi, na baadhi ya zailosi hizo zimebeba sukari nyingine, galaktosi. Matawi hayo ndiyo yanayoiwezesha kuyeyuka majini, jambo lisilowezekana kwa selulosi. Tatizo ni kwamba nayo hushika iodini, hasa iodini ikiwa kali na ukitia sodiamu salfeti: hutoa bluu inayoelekea kijani. Ndiyo maana wataalamu wa mimea wa karne ya 19 waliiita amiloidi, yaani kifananacho na wanga.

Kuitoa si kazi ngumu. Menya ganda la kahawia lote, maana tanini zake huchafua rangi. Koroga gramu 20 za unga wa viini katika mililita 200 za maji baridi, kisha mimina kwenye mililita 800 zinazochemka. Ukitia unga mkavu moja kwa moja utapata madonge. Chemsha dakika 20, acha mchanganyiko ulale usiku kucha ili protini na nyuzi zitulie chini. Maji ya juu yamimine katika etanoli mara mbili ya ujazo wake, huku ukikoroga: polisakaridi itajikusanya kama nyuzi nyeupe. Protini kiasi itafuatana nayo, hivyo pima nitrojeni ujue ni kiasi gani.

Kutofautisha na wanga, tia alfa-amilesi, kimeng'enya kinachokata wanga, kabla ya iodini. Wanga uliopikwa utakatwakatwa na bluu haitatokea, zailoglukani haiguswi. Kimeng'enya kiwe safi, kwa sababu selulesi, kimeng'enya cha kukata selulosi, ikichanganyika humo hukata uti wa zailoglukani pia. Weka na mrija wa wanga wa muhogo pembeni, ujue kimeng'enya kiko hai. Kipimo cha fenoli na asidi ya salfuriki hakisaidii hapa, kwani huhesabu sukari zote kwa jumla.

Kama ulichofanya ni iodini peke yake, andika tu "polisakaridi ghafi ya mbegu ya ukwaju". Jina zailoglukani lisubiri hidrolisisi ya asidi, yaani kuvunja mnyororo kwa asidi, ionyeshe zailosi na galaktosi kando ya glukosi.