Santuri na dijitali: naomba msinichoree tena ile ngazi

Wiki hii wamefika wateja watatu na ngazi hiyo. Wa mwisho ni mzee mmoja, kaja na boksi la santuri za 45 (zile ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika), anataka nimwekee kwenye flashi asikilize kwenye gari, na kabla sijafungua hata boksi akachukua kalamu yangu akachora nyuma ya risiti: upande huu wimbi laini, "hii santuri", upande ule ngazi, "hii dijitali, fundi, muziki unakatwakatwa, najua utapungua ila nifanyie hivyohivyo."

Nikamwambia mzee wangu, kaa kwanza.

Hiyo ngazi nimeichoka jamani. Kila kijana aliyenunua pleya juzi anayo kichwani na anaikuta kwenye kila video. Kwenye spika hakuna ngazi inayotoka. CD inachukua vipimo 44,100 kila sekunde, na kila kipimo ni nukta, sio kidaraja, halafu ile chipu ya kurudisha sauti pamoja na kichujio chake ndio inapitisha wimbi kwenye hizo nukta. Na ukishahakikisha hakuna sauti ambayo mitetemo yake inafika nusu ya 44,100, yaani 22,050 kwa sekunde, basi kuna wimbi moja tu linaloweza kupita kwenye nukta zote hizo, la pili halipo, sio makisio wala bahati. Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani, aliichapisha hesabu hiyo 1949. Sikio la binadamu, tena la mtoto, linaishia kama 20,000, langu mimi niliyekaa miaka pembeni ya spika za harusi tusiliongelee.

Nina osiloskopu kuukuu hapa mezani, kile kifaa kinachochora wimbi la sauti kwenye kioo. Nikamwekea toni ya mitetemo 10,000 kwa sekunde kutoka kwenye kompyuta, na hapo kila wimbi linapata vipimo vinne na kidogo tu, kwa hiyo kama ngazi ipo basi ingeonekana hapo kuliko popote. Kwenye kioo likatokea wimbi la mviringo, laini kabisa. Mzee akainama, akavua miwani, akaivaa tena. "Sasa ngazi iko wapi?" Iko kwenye programu zinazochora hivyo kwa sababu ndio rahisi kuchora, basi.

"Lakini santuri ni tamu zaidi, na hilo huwezi kunibishia."

Sikumbishia. Nikasafisha santuri yake moja nikairekodi, nikapanga faili na santuri viende pamoja, nikasawazisha ukubwa wa sauti kwa mita (hapa ndipo wengi wanajidanganya, chenye sauti kubwa kidogo tu kinaonekana kitamu), halafu yeye akageukia ukutani mimi nabadilisha swichi, aniambie ipi santuri ipi faili. Mara 10. Akapatia 4. Na vyote vilikuwemo kwenye faili, lile joto analolipenda, besi nene, mpaka ule mkwaruzo wa ubeti wa pili ambao anaujua kama jina lake. Sasa kama dijitali inaua joto, joto hilo limepitaje humo?

Joto ni mambo ambayo santuri yenyewe inayafanya kwenye sauti, na dijitali inayabeba kama yalivyo. Wakati wa kuchonga santuri besi inapunguzwa na trebo (sauti za juu) inaongezwa kwa kufuata mpango wa RIAA, chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, halafu priamp yako, kile kikuza sauti cha pleya, ndio inarudisha, na ukiwa na priamp ya bei chee hairudishi sawasawa ndio unasikia unono ambao haukuwepo studio. Besi za chini kabisa zinasogezwa katikati ili sindano isiruke. Halafu LP, ile santuri kubwa ya albamu, ikizunguka, mfereji wa nje unapita chini ya sindano kwa kasi ya kama nusu mita kwa sekunde, ukifika karibu na lebo ni sentimita 21 hivi, ndio maana wimbo wa mwisho herufi "s" zinachubuka. Kati ya sauti ya chini kabisa na ya juu santuri nzuri inakupa desibeli 60 mpaka 70, CD ni 96. Mtu akipenda ladha hiyo ya santuri simlaumu, mimi mwenyewe naipenda, nyumbani ninazo zaidi ya anazotaka mke wangu. Ila iite ladha.

Tena mara nyingi tofauti mnayoisikia ni ya masta, ile nakala ya mwisho ya fundi wa studio inayotengenezewa santuri au CD. CD nyingi za kuanzia miaka ya 1990 zilibanwa zipige kelele, kila kitu kiko juu, masikio yanachoka wimbo wa tatu. Ukichukua LP ya 1975 ukailinganisha na CD iliyotengenezwa upya miaka 30 baadaye, hapo umelinganisha mafundi wawili.

Mengine haraka haraka.

Eti santuri ni analogi mwanzo mwisho. Albamu ya Ry Cooder ya 1979, Bop Till You Drop, ilirekodiwa kidijitali ikauzwa kama santuri wakati CD haijaingia hata sokoni. Na 2022 Mobile Fidelity ya Marekani, ambayo wapenzi wa santuri walikuwa wanaiapia, ilikiri kwamba santuri zake nyingi zilipitia kwanza kwenye dijitali. Hao wenye masikio ya dhahabu walikuwa wanazisifu muda wote huo.

Eti santuri ya gramu 180 ndio sauti nzuri. Ni nzito, haipindi kirahisi. Sauti iko kwenye mfereji.

Eti nibadilishie hii MP3 (faili iliyopunguzwa kwa kutupa sehemu ya sauti) iwe FLAC (faili isiyotupa kitu) ipate ubora. Kilichotupwa kimetupwa kaka, utapata faili kubwa yenye ubovu uleule. Na nyinyi wa vipimo 192,000 kwa sekunde tulieni, mimi narekodi kwa 96,000 na bit 24 (kila kipimo kinaandikwa kwa undani kuliko bit 16 za CD) ili nipate nafasi ya kusafisha kelele, kusikiliza tu CD inatosha.

Eti sindano ikiruka weka sarafu juu ya kichwa chake. Weka sarafu uchimbe mfereji! Sindano nyingi zinataka uzito wa gramu 2 hivi, soma karatasi yake, nunua kamizani.

Na hii ya mwisho inanikera hata kuisimulia. Sahani za zamani za 78 (mizunguko 78 kwa dakika), zile za enzi kina Siti binti Saad walipokwenda kurekodi Bombay 1928, sio plastiki, ni shelaki, utomvu wa wadudu, na shelaki inayeyuka kwenye spiriti. Mama mmoja kaniletea sahani ya marehemu baba yake, kaifuta yote kwa pamba na spiriti maana aliambiwa ndio dawa ya kuvu, na ile pamba kanionyesha kwa fahari, nyeusi tii, anadhani ni uchafu umetoka. Sikujua nianzie wapi. Tumieni maji ya betri, yale ya kuongezea, sio asidi, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kufuata mzunguko, suuza kwa maji hayohayo, na lebo isilowe.