Nani Alipanga Wanawake Waanike Dagaa?

Katika kazi yangu ya ushauri wa rasilimali watu hapa Mwanza, mameneja wa viwanda vya samaki huniuliza mara kwa mara kwa nini wanawake hawaombi nafasi za ufundi wa mitambo ya barafu au za usimamizi wa zamu. Jibu langu huanzia mwaloni, yaani ufukweni mitumbwi inakoshusha samaki, kwa sababu kiwanda huajiri watu ambao tayari wamekwisha kugawanywa huko nje.

Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazowavuta kuelekea wavuni, na wanaoingia ziwani ni wanaume karibu wote. Katika mialo mingi bado ipo imani kwamba mwanamke akipanda mtumbwi wa uvuvi analeta mkosi. Mtumbwi unapofika alfajiri, wanawake huingia majini hadi magotini, hujitwika ndoo zinazochuruzika maji, hupanda nazo hadi uwanjani na kuwatandaza dagaa mchangani au juu ya chanja. Kisha hushinda juani wakiwageuza, wakifukuza ndege na kutazama mawingu, maana dagaa walionyeshewa huporomoka bei na kuishia kwenye chakula cha kuku. Ukiuliza sababu ya mgawanyo huu utaambiwa kwamba kazi ya wanaume inahitaji nguvu, ingawa anayekujibu amesimama kando ya mwanamke mwenye ndoo ya lita 20 kichwani.

Hoja ya nguvu, kwa maoni yangu, hutafutwa baada ya kazi kuwa imekwisha kugawanywa. Kwenye sangara nguvu haitajwi kabisa, lakini matokeo hayabadiliki: mapanki yanayobaki baada ya minofu kutolewa hukaangwa na kuuzwa na akina mama mitaani, ilhali biashara ya mabondo, yaani vifuko vya hewa vya sangara, yanayosafirishwa kwenda China kwa bei kubwa, kwa sehemu kubwa imo mikononi mwa wanaume. Bondo halina uzito wa kumshinda mtu. Kinachohitajika ni mtaji. Hata mwanamke aliyefanikiwa kuwa tajiri wa mitumbwi hulazimika kumweka mwanamume wa kuisimamia, na taarifa za mavuno huzipata kwa mdomo wa huyo huyo.

Mgawanyiko huu hupimika. Mwaka 1955 Otis Dudley Duncan na Beverly Duncan walieleza kipimo cha mtengano wa makundi ambacho watafiti wa ajira wanakitumia hadi leo. Tuchukue kiwanda cha kufikirika chenye wanaume 100 na wanawake 100: kwenye minofu wapo wanaume 60 na wanawake 10, kwenye ufungashaji wanaume 20 na wanawake 80, ofisini wanaume 20 na wanawake 10. Tofauti za idara hizo ni 50, 60 na 10. Jumla yake ni 120, na nusu yake ni 60. Maana yake ni kwamba asilimia 60 ya wanawake wangepaswa kuhama idara ili mtawanyiko wao ulingane na wa wanaume. Meneja anayejisifu kwamba nusu ya wafanyakazi wake ni wanawake huwa hajapiga hesabu hii.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya jinsia, ujauzito na hali ya ndoa, na inamtaka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa. Mwanikaji dagaa anayelipwa kwa ndoo, bila mkataba wa maandishi, ana njia finyu sana ya kuitumia. Kiwandani hakuna kisingizio hicho, na mimi huanza na tangazo la kazi: panapoandikwa “mwanamume mwenye nguvu”, paandikwe uzito halisi wa kreti inayonyanyuliwa na idadi yake kwa zamu, halafu waombaji wote wapimwe kwa kreti hiyo hiyo.