Spinosaurus hakuwa T. rex mwenye tanga

Ubishi unaopendwa na mashabiki wa dinosaria ni huu: Spinosaurus na T. rex, nani angemtwanga mwenzake? Hawakuwahi kuonana. Spinosaurus aliishi Afrika Kaskazini, katika nchi za leo za Misri na Moroko, miaka milioni 95 hivi iliyopita. T. rex ni wa Amerika Kaskazini, na alitokea zaidi ya miaka milioni 25 baadaye. Kwa urefu Spinosaurus anaongoza, karibu mita 14. Kwa nguvu za taya, msimguse T. rex.

Wengine humdhania Spinosaurus kuwa mwindaji wa dinosaria wakubwa. Mtazameni kinywa: taya refu na jembamba, meno ya duara yaliyochongoka, yasiyo na makali ya msumeno ya kukatia nyama. Meno ya namna hiyo ni ya kunasia kinachoteleza. Alikula samaki zaidi, na Sahara ya wakati ule haikuwa jangwa bali nchi ya mito mikubwa. Humo walikuwemo silikanti, samaki wa kale, wa mita kadhaa, jamaa za yule ambaye wavuvi wa Tanga humkuta nyavuni hadi leo.

Halafu watu wakatia chumvi upande wa pili. Mwaka 2020 timu ya mtafiti Nizar Ibrahim ilitangaza mkia wa Spinosaurus uliochimbwa Moroko, mpana kama kasia, na ghafla kila mchoro ukamwonyesha akipiga mbizi kufukuza samaki. Mwaka 2022 mtafiti Paul Sereno na wenzake wakapinga: lile tanga la mgongoni, lenye mifupa ya zaidi ya mita 1.6, lingemyumbisha majini. Wenye kutetea uzamiaji nao wana hoja, kwani mifupa yake ni mizito kama ya wanyama wazamiao. Mimi naona zaidi mnyama wa kusimama kwenye maji mafupi akivizia, lakini kesi haijafungwa.

Na tafadhali, msimchanganye na dinosaria aitwaye mjusi wa Tendaguru, Lindi, aliyeko kwenye makumbusho ya Berlin. Yule ni mla majani wa miaka milioni 150 iliyopita. Mifupa ya Spinosaurus ambayo mtafiti Mjerumani Ernst Stromer aliielezea mwaka 1915, kutoka Bahariya nchini Misri, iliteketea kwenye makumbusho ya Munich, Ujerumani, kwa mabomu ya Waingereza, Aprili 1944. Zilibaki picha na michoro yake tu. Kiunzi kinachotegemewa sasa ni kile cha Moroko, na kinatunzwa Casablanca.