Jino Lililokwisha Kutibiwa Mzizi Linapouma Tena

"Docta, hili jino si mlishaliua? Mbona linauma?" Hapa Lubumbashi swali hilo halikosi katika huduma yetu ya meno, na anayeuliza ana haki ya kukasirika. Alilipa, akakaa kinywa wazi, akaambiwa yamekwisha. Sasa gego halitaki kuguswa hata na bukari (ugali), sembuse mahindi ya kuchoma. Au haliumi kabisa, ila kwenye ufizi kimeota kijipu kinachotoa usaha, kikipona leo kesho kinarudi.

Ndani ya jino hilo hakuna neva tena: katika matibabu ya mzizi ilitolewa, na mifereji yake ikasafishwa na kujazwa. Kinachouma ni mfupa wa taya na nyuzi zinazoushika mzizi, zikichokozwa na bakteria waliobaki, au waliorudi, ndani ya mifereji ya mzizi. Mara nyingine hakuna maumivu yoyote huku mfupa unaliwa taratibu kwenye ncha ya mzizi, na ni picha ya radio (eksirei) tu itakayoonyesha doa jeusi mahali hapo. Ndiyo maana tunaomba watu warudi kupigwa radio baada ya miezi 6, kisha mwaka 1. Wengi hawarudi, kwa kuwa hawaumwi.

Hata hivyo, doa peke yake halitoshi kusema matibabu yameshindwa. Mfupa hujijenga polepole. Doa linalopungua kutoka picha hadi picha tunaliacha liendelee kupungua, hata kama itachukua miaka kadhaa. Doa linalokua, au lililotokea mahali palipokuwa safi, hilo ndilo linatafutiwa sababu.

Sababu moja ni mfereji uliosahaulika. Gego la kwanza la juu, lile linalotoka mtoto akiwa na umri wa miaka 6 hivi, huwa na mizizi mitatu, lakini kwa watu wengi lina mifereji minne. Wa nne ni mwembamba na hujificha katika mzizi wa mbele upande wa shavu. Aliyetafuta mitatu akaridhika ameacha chumba kizima cha bakteria. Pengine mfereji ulikuwa umepinda au umeziba, ukasafishwa nusu tu, au kipande cha chombo kilivunjikia ndani na kuzuia njia.

Lakini sababu ninayotaka ikumbukwe kuliko zote iko juu, kwenye kifuniko. Kujaza kwa muda kumekusudiwa kukaa wiki chache. Mtu akiona maumivu yameisha, hela ya kuroni, ile kofia ngumu inayofunika jino, inakwenda kwenye ada ya shule, na kile cha muda kinakaa mwaka, kinachakaa, kinapasuka, mate yanapenya. Ni sawa na kusafisha kisima kisha kukiacha bila mfuniko. Simlaumu mtu, kuroni ni ghali na shule haisubiri. Ila kama kuroni haiwezekani kwa sasa, omba jino lijazwe kwa kudumu, na vilele vyake vya kutafunia vifunikwe ili lisipasuke. Usiondoke na cha muda ukadhani umemaliza.

Antibiotiki za kununua farmasia hazitibu jino la namna hii. Ndani ya mzizi hakuna damu inayopita, basi kidonge hakifiki walipo bakteria. Uvimbe utapungua, nawe utashukuru, kisha uvimbe utarudi. Sisi tunaziandika pale homa inapopanda au uvimbe unapoenea, pamoja na kulishughulikia jino lenyewe.

Kabla ya kurudia matibabu, tunaangalia kama jino linastahili. Mzizi uliopasuka kwa urefu hauokoki, na jino lililooza hadi chini ya ufizi halina pa kushikia kuroni. Hayo ni ya kung'oa, na kulipia marudio ni kutupa hela. Yanayobaki yanafunguliwa upya: ganzi, kipande cha mpira cha kulitenga jino na mate, kisha kutoa kilichojazwa zamani. Mara nyingi ni gutaperka, itokanayo na utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Katika karne ya 19 ndiyo iliyofunika nyaya za telegrafu chini ya bahari, kwa hiyo msishangae ikigoma kutoka! Tunailainisha kwa joto au kwa dawa, tunaikwangua, tunatafuta mfereji uliosahaulika, kisha tunaosha kwa dawa ya jamii moja na javel, ile ya kung'arisha nguo. (Javel ya nyumbani msisukutulie, tafadhali.) Pengine tunaacha ndani dawa nyeupe ya kalsiamu kwa wiki moja au mbili ndipo tujaze.

Kazi hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na matokeo yake yako chini kidogo: tafiti zikijumlishwa, takribani meno 3 kati ya 4 hupona. Yasipopona, kuna upasuaji mdogo wa kukata kama milimita 3 za ncha ya mzizi na kuuziba mfereji kutokea upande huo wa ncha, pale panapopatikana daktari na vifaa vyake.

Njoo na radio zako za zamani, hata zile ulizopiga picha kwa simu. Muulize daktari: kwa nini lilishindwa? Mara hii utafanya nini tofauti? Litafunikwa na nini, na lini? Akikosa jibu la swali la kwanza, tafuta daktari mwingine kabla ya kulipa.

Kuuma kidogo ukitafuna, siku chache baada ya kurudiwa, ni kawaida. Uvimbe unaoshuka chini ya taya, mdomo usiofunguka, mate yasiyomezeka, pumzi kubana au homa kali si mambo ya kungojea randevu (miadi): nenda hospitali usiku huo huo, uwe unatoka mitaa yetu ya Ruashi, Katuba au Kenya.